Umeme Safi Rufiji, Mkaa Mwanza: Sera ya Nishati Ikifuatwa Hadi Jikoni

Mwezi Aprili 2025 mtambo wa tisa na wa mwisho wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kufua umeme, na uwezo wa bwawa hilo la Mto Rufiji ukatimia megawati 2,115. Nchi ikawa na mitambo yenye uwezo wa takribani megawati 4,000, karibu mara mbili ya kiasi kinachohitajika hata katika saa za jioni ambapo matumizi huwa makubwa. Hata hivyo, anayepita Igoma, Buhongwa au Mabatini jijini Mwanza saa kumi na mbili jioni atakuta majiko ya mkaa yamewashwa nje ya milango, na nyingi ya nyumba hizo zina nguzo ya umeme mbele yake na mita ya LUKU, ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, ukutani. Wakazi wengi wa Mwanza wanauliza umeme wote huo unakwenda wapi. Swali lao ni la haki, na linastahili jibu refu kuliko lile la "miundombinu inaboreshwa".

Jibu linaanza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo katika hotuba huchanganywa. Kuna usafi wa umeme pale unapofuliwa, na kuna usafi wa nishati pale inapotumika. Katika la kwanza Tanzania imepiga hatua kubwa kuliko wengi wanavyodhani. La pili bado liko nyuma sana, na ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu umeme ni sehemu ndogo tu ya nishati inayotumika nchini. Zaidi ya asilimia 80 ya nishati yote bado inatokana na kuni na mkaa. Kwa hiyo, hata kama kesho mitambo yote ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo ingezimwa na maji yakachukua nafasi yake, moshi mwingi wa nchi hii ungebaki palepale ulipo, yaani jikoni.

Tuanze na ufuaji. Kabla ya bwawa la Rufiji, sehemu kubwa ya umeme ilitokana na gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay. Sasa maji yana takribani theluthi mbili ya uwezo wote wa mitambo, ukijumlisha Kidatu yenye megawati 204, Kihansi 180, Mtera 80 na mabwawa madogo ya Mto Pangani. Gesi inatoa hewa ukaa pungufu kuliko makaa ya mawe na mafuta mazito, lakini inaitoa. Maji yanayozungusha mtambo hayaunguzi kitu. Katika ahadi iliyowasilisha Umoja wa Mataifa mwaka 2021, Tanzania ilisema itapunguza uzalishaji wa gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila hatua zozote kuchukuliwa. Kwa upande wa umeme pekee, bwawa moja limebeba sehemu nzito ya ahadi hiyo.

Udhaifu wa maji ni kwamba hayafuati ratiba ya Wizara. Mwishoni mwa mwaka 2023 nchi ilikuwa kwenye mgawo wa umeme, mabwawa yakiwa na maji kidogo na baadhi ya mitambo ya gesi ikiwa kwenye matengenezo. Miezi michache baadaye, mvua za El Niño zikiwa zimejaza mabwawa na mtambo wa kwanza wa Rufiji umekwisha kuwashwa, TANESCO, shirika la umeme la Taifa, ililazimika mapema mwaka 2024 kuzima vituo vitano vya maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Nchi ile ile ilitoka kwenye upungufu hadi kwenye ziada katika msimu mmoja wa mvua.

Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Mwaka 2006 ziwa lilishuka hadi kina ambacho wazee hawakuwa wamekiona kwa miongo kadhaa. Ukame ulichangia, na mabwawa ya Nalubaale na Kiira kule Jinja yalichangia pia, kwa kuruhusu maji mengi zaidi ya kiwango kilichokubaliwa ili Uganda ipate umeme. Mwaka 2020 ziwa hilohilo likapanda, likamega mialo na kuingia kwenye nyumba za watu, na mwaka 2024 likapanda tena. Bwawa la Nalubaale, lililozinduliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, linafua umeme kwa maji yanayotoka humuhumu ziwani, na kwa miaka mingi Bukoba na sehemu kubwa ya Kagera zimekuwa zikipata umeme wake kwa waya unaopita Masaka hadi Kyaka. Maji yaliyopita mbele ya Bukoba yakienda Jinja yalirudi Bukoba yakiwa umeme. Anayepanga nishati ya ukanda huu anapanga pia kina cha ziwa, apende asipende.

Kwa sababu hiyo chanzo kimoja hakitoshi, hata kiwe kikubwa namna gani. Rusumo, kwenye Mto Kagera, inafua megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kishapu, mkoani Shinyanga, umebuniwa mradi wa umeme wa jua wa megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa ya megawati 50. Jua la Shinyanga hukaza mchana wa kiangazi, wakati ambapo mabwawa yanahitaji kutunziwa maji yake. Jua likishika mchana, maji yanabaki kwa ajili ya jioni. Megawati 50 za Kishapu, zilizo jirani na Mwanza, zina thamani ambayo haionekani ukizilinganisha kwa namba tu na megawati 2,115 za Rufiji.

Thamani hiyo inatokana na umbali. Umeme wa Rufiji unatoka bwawani kwenda Chalinze kwa msongo wa kilovolti 400, lakini Mwanza iko upande mwingine wa nchi. Unaoufikia ukanda huu unapita kwenye njia kuu ya Iringa, Dodoma, Singida hadi Shinyanga, yenye urefu wa kilomita 670, kisha unapanda Mwanza kwa msongo wa kilovolti 220, unapozwa na kusambazwa mitaani, na kila hatua hunyofoa kipande. Waya wenye mkondo wa umeme hupata joto, na joto hilo ni umeme uliolipiwa ambao haukumfikia mtu. Ukiuongeza mkondo mara mbili kwenye waya uleule, upotevu huongezeka mara nne, na ndiyo maana wahandisi husafirisha umeme kwa volti kubwa na mkondo mdogo, kama vile maji yanavyosukumwa kwa presha kubwa kwenye bomba jembamba ili yafike Isamilo juu. Kwa jumla upotevu katika gridi yetu, ukichanganya usafirishaji na usambazaji, umekuwa ukizunguka asilimia 14 hadi 15. Maana yake ni kwamba katika kila uniti (kilowati-saa) saba zinazofuliwa, moja haimfikii mteja.

Mwaka 2025 Serikali ilipoeleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, wengi walishangaa: kwa nini tununue ilhali tumejenga bwawa? Sababu iliyotolewa ilikuwa ni hii ya upotevu wa njiani, pamoja na uhakika wa huduma. Hoja hiyo ina mashiko. Umeme ni bidhaa inayooza ikisafirishwa, na unaofuliwa karibu una faida hata kama bei yake mtamboni ni kubwa kidogo. Lakini hoja hiyohiyo inapaswa kutumika kwa Kanda ya Ziwa, ambako migodi ya dhahabu, viwanda vya minofu ya sangara, pampu za maji na sasa reli ya kisasa kutoka Mwanza hadi Isaka, yenye urefu wa kilomita 341, vyote vinatazamia umeme kutoka mbali. Kwa muda mrefu tegemeo letu la karibu lilikuwa mtambo wa Nyakato, wenye uwezo wa megawati 63, uliojengwa baada ya mgawo mkali wa mwaka 2011 na unaotumia mafuta mazito: umeme ghali na mchafu kuliko wote tulionao.

Mwisho wa njia ndefu kuna jambo ambalo takwimu za kitaifa hazilionyeshi, nalo ni umeme kuwa mdogo. Mwenye mashine ya kusaga anaijua dalili yake. Saa mbili usiku taa zinafifia, mota inanguruma bila kuchukua kasi, na akiilazimisha inavuta mkondo mkubwa zaidi ili kufidia volti iliyopungua, nyaya zake zinachemka, na siku moja inaungua. Friji hufanya vivyo hivyo. Transfoma iliyowekwa mtaani kwa ajili ya nyumba 40 ikibebeshwa nyumba 100, uwezo wa megawati 4,000 hauna maana kwa anayeishi mwisho wa laini. Ninaamini fedha inayofuata katika sekta hii ingeleta manufaa makubwa zaidi ikitumika kwenye transfoma, vituo vya kupoza umeme na nyaya za mitaani kuliko kwenye bwawa jingine, ingawa transfoma hazizinduliwi kwa utepe.

Sasa tuingie jikoni, ambako ndiko fundo lenyewe lilipo.

Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034. Sababu zilizotajwa ni nzito: takribani watu 33,000 hufa kila mwaka nchini kutokana na maradhi yanayohusishwa na moshi wa majumbani, na misitu inapotea kwa kasi ya takribani hekta 469,000 kwa mwaka. Si misitu yote hiyo inaishia kwenye mkaa, kwani kilimo kinakula sehemu kubwa, lakini tanuri la udongo la kienyeji hula kilo 6 hadi 10 za kuni ili kutoa kilo 1 ya mkaa, na jiko la kawaida la bati linafikisha kwenye sufuria sehemu ndogo tu ya joto la mkaa huo. Nishati nyingi ya mti inapotea kabla ugali haujaiva.

Umeme ungekuwa jibu, na kwa nchi yenye ziada ya umeme wa maji ungekuwa jibu safi kuliko yote. Kinachouzuia ni bei, tena mpangilio wa bei zaidi ya ukubwa wake. Chukua risiti ya LUKU. Mteja wa kawaida aliye kwenye daraja la T1 akinunua umeme wa shilingi 10,000, anapata uniti 28 na kidogo, kwa sababu uniti moja ni shilingi 292, kisha inaongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya nishati vijijini asilimia 3 na ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, asilimia 1, inafika takribani shilingi 356. Mteja wa matumizi madogo, aliye kwenye daraja la D1, analipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo hizo, hadi uniti 75 kwa mwezi. Ndiyo maana watu wanaijua kwa kichwa ile shilingi 9,150 ya mwezi. Akivuka 75, kila uniti ya ziada ni shilingi 350 kabla ya kodi. Akiendelea kuvuka, anahamishwa kwenda T1. (Kodi ya majengo inayokatwa humohumo tangu mwaka 2021 haihusiani na umeme hata chembe, lakini humfanya mnunuzi aamini kwamba umeme umepanda.)

Bei hizi, zilizoanza kutumika Aprili 2016, zilipangwa kwa nia njema. Zilimlenga mtu wa kipato cha chini anayewasha taa, kuchaji simu na kuangalia runinga. Hakuna aliyefikiria wakati ule kwamba mtu huyo siku moja angehimizwa kupika kwa umeme. Hebu tupige hesabu ya familia ya Buhongwa inayotumia uniti 60 kwa mwezi kwa taa, runinga na friji ndogo. Inalipa shilingi 7,320. Ikiitikia wito wa Serikali na kuanza kupika kwa umeme, ikaongeza uniti 1 tu kwa siku, matumizi yanafika uniti 90. Mwezi wa kwanza inalipa shilingi 15,555. Ikihamishiwa T1, uniti zote 90 zinatozwa bei ya juu, na malipo yanafika takribani shilingi 32,000. Uniti 30 za kupikia zimeiongezea familia hiyo karibu shilingi 24,700, yaani zaidi ya shilingi 820 kwa kila uniti, bei ambayo haijaandikwa popote lakini ndiyo inayolipwa. Mama wa nyumba hiyo hajasoma mkakati wowote. Ameona tu kwamba LUKU inaisha, akarudi kwa muuza mkaa. Uamuzi wake ni sahihi kabisa kwa mfuko wake, na hakuna kampeni ya uelimishaji itakayoubadili mpaka hesabu yenyewe ibadilike.

Kifaa nacho kina neno lake. Jiko la koili la wati 1,500 likiwaka saa 2 kuchemsha maharage limetafuna uniti 3, ambazo kwa T1 ni zaidi ya shilingi 1,000. Sufuria ya presha ya umeme, iliyozibwa vizuri na inayojizima yenyewe joto likitosha, inaivisha maharage hayohayo kwa takribani nusu uniti, chini ya shilingi 200. Chakula ni kilekile na umeme ni uleule. Haya ndiyo matumizi bora ya nishati yanayozungumzwa katika mikakati ya Wizara: kupata kazi ileile kwa uniti pungufu, bila kumwambia mtu akae gizani. Shida ni kwamba sufuria hiyo inalipiwa kwa mkupuo, ilhali mkaa unanunuliwa kwa kopo. LUKU yenyewe ina sifa ileile ya mkaa, kwamba mtu anaweza kununua ya shilingi 1,000 leo na nyingine kesho. Kinachokosekana ni namna ya kulipia sufuria kidogokidogo kupitia mita hiyohiyo, jambo ambalo kiteknolojia haliko mbali, maana deni hukatwa kwenye LUKU kila siku.

Serikali hadi sasa imeelekeza nguvu nyingi kwenye gesi ya mitungi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, unasambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimepigwa marufuku kutumia kuni na mkaa. Gesi hiyo ni safi kwa mapafu, na kwa shule yenye sufuria kubwa ni nafuu ya kweli. Ila tusiichanganye na nishati yenye hewa ukaa kidogo: inatokana na mafuta ghafi na gesi ya ardhini, inaagizwa kwa meli na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Ruzuku kwenye mtungi wa kwanza haimsaidii aliyeshindwa kununua wa pili. Naiona gesi kama daraja linalofaa, mradi tusilijengee nyumba juu yake.

Yako mageuzi yaliyotokea ziwani bila kelele. Wavuvi wa dagaa huingia majini wakati wa giza, mwezi usipokuwepo, na huwavuta dagaa kwa taa. Kwa miongo mingi taa hiyo ilikuwa karabai, ikinguruma juu ya maji usiku kucha na kunywa mafuta ya taa. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Nia haikuwa uvuvi hata kidogo, lakini gharama ya kila usiku ikapanda. Taa za betri zinazochajiwa kwa sola zilipoanza kuingia, zilikuta hesabu imekwisha kuiva. Ugumu ulibaki mahali pamoja: katika kambi nyingi gharama ya mafuta hutolewa kwenye mauzo kabla tajiri, yaani mwenye mtumbwi, na wavuvi hawajagawana, kwa hiyo hubebwa na wote, lakini taa mpya na betri hununuliwa na mwenye mtumbwi peke yake. Pale ilipopatikana huduma ya kukodi taa iliyokwisha kuchajiwa, kikwazo hicho kililegea. Anayesumbuliwa na swali la jinsi ya kulipia sufuria ya presha atazame hapo.

Visiwani bei ilileta fundo la aina nyingine. Ukara, wilayani Ukerewe, ilipata mwaka 2016 gridi ndogo ya sola, isiyounganishwa na waya wa Taifa. Bei ya uniti ilikuwa mara nyingi zaidi ya ile ya bara, kwa sababu mwekezaji alipaswa kurudisha fedha ya paneli, betri na nguzo kutoka kwa wateja wachache. Wananchi walilalamika, na mwaka 2020 Serikali ikaagiza bei ya gridi ndogo ilingane na ya TANESCO. Mwananchi wa Ukara ana haki ileile ya mwananchi wa Nyegezi, hilo halina mjadala. Lakini bei ya shilingi 100 bara inawezekana kwa sababu wateja wengine wanaifidia ndani ya gridi. Kisiwani fidia hiyo haipo isipotoka kwenye mfuko wa umma. Agizo la bei bila fungu la kulifidia humwondoa mwekezaji anayefuata, na kisiwa kinachofuata kinabaki na jenereta.

Bei za umeme nchini haziwekwi kwa agizo peke yake. Kisheria TANESCO huomba, EWURA huchambua, na kabla ya uamuzi hufanyika mkutano wa taftishi ambao mwananchi yeyote anaweza kuhudhuria na kutoa maoni, kwa mdomo au kwa maandishi, huku Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji likiwasemea watumiaji. Taftishi itakapofika Mwanza, jambo la kudai ni mahususi: kikomo cha uniti 75 kipandishwe, au liwekwe fungu la uniti za kupikia lenye bei ya kati, ili nyumba inayoacha mkaa isihesabiwe kuwa imetajirika. Na TANESCO itakaposema kwamba bei hiyo itaitia hasara, iombwe kuonyesha hesabu ya umeme wa Rufiji ambao usipotumika hauingizi shilingi yoyote, sambamba na hesabu ya ile uniti moja katika kila saba inayopotea njiani.